Mpiga Mbiu wa Sinema na Mchele wa Jumamosi

Ukitaja sinema yetu ya zamani mbele ya mtu mzima yeyote wa Mahajanga, ile iliyokuwa mwendo mfupi kutoka soko la Mahabibo, atakwambia: "Ah, ndiyo ya yule mwongo wa mchele." Atacheka, au atatema mate. Wapo hata waliozaliwa baada ya sinema kufungwa, nao wanalisema neno hilo kama walikuwepo. Mimi nikilisikia damu hunichemka, kwa sababu mwongo alikuwa mtu mwingine, na mimi nilikuwepo kweli.

Nilikuwa nauza tiketi pale, miaka ya mwisho ya sabini na ya mwanzo ya themanini, nikiwa msichana wa ishirini na kitu. Yeye alikuwa mpiga mbiu wa sinema. Jina lake nalijua lakini silitaji. Limeshachafuliwa vya kutosha. Sisi wafanyakazi tulimwita Zama, yaani mjomba, kama tunavyomwita kwa heshima mwanamume aliyetuzidi umri upande ule wa kisiwa. Yeye aliniita "dada wa kidirishani". Tulizungumza Kimalagasi, Kiswahili hiki nimekipatia Mombasa nilikoolewa baadaye. Kwa hiyo maneno yake nayaleta kwa lugha ambayo hakuisema, ila sikuyaongezea chumvi.

Filamu za mapigano zilijiuza zenyewe kwa bango moja la mtu na bastola. Za kuchekesha hazikuwa hivyo. Mtu hatoi pesa yake kwa sababu umemwambia atacheka, anataka aonjeshwe. Kazi ya kuonjesha ilikuwa yake. Alikuwa mfupi, mwenye shingo ndefu na masikio yaliyosimama, na sauti yake ilikuwa nyembamba na iliyonyooka, ikakufikia hata ukiwa umefunga dirisha. Alikuwa na koni ya bati ya kusemea aliyotengenezewa na fundi wa mataa, na aliisugua kwa mchanga kila Ijumaa mpaka ukajiona ndani yake.

Ilipokuja filamu ya bwana mmoja anayefanya kila kitu kinyume, alitembea kinyumenyume kutoka Mahabibo mpaka bandarini, ameshika kioo kidogo cha kunyolea aone anakokwenda. Akikutana na mtu alimwambia "kwaheri", akiachana naye alimwambia "karibu". Askari wa barabarani akamsimamisha amwulize ana nini. Akampa mkono wa kushoto, akamshukuru kwa kumkamata, akamwomba asimwachie. Yule askari alicheka mpaka akaishika kofia, na Jumamosi akaja na mke na shemeji wawili.

Siku nyingine alikwenda Boanamary, kule mlangoni mwa mto. Alifika kijijini, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba: "Samahani, Boanamary iko wapi?" Watu wakamwambia ndiyo hapa. Akawashukuru, akasogea nyumba ya pili, akauliza tena. Kufikia nyumba ya kumi kijiji kizima kilikuwa nyuma yake, kila mmoja anataka kumwonyesha Boanamary kwa kidole. Alipowaona wametimia akageuka, akatoa koni, akawaambia: "Kumbe mko hapa wote! Basi Jumamosi njooni Mahajanga, mumwone mtu aliyepotea kuliko mimi."

Lakini mtu asidhani alikuwa mwepesi. Nje ya kazi alikuwa na hasira za karibu, na hakuvumilia kuchekwa asipokuwa kazini. Karani mmoja wa bandari alimcheka kwa jinsi alivyokuwa akila embe, akashukiwa kwa maneno mpaka akaomba radhi. Alivaa shati lililopigwa pasi hata akienda kuteka maji. Ukichelewa dakika tano alikuwa ameshaondoka. Nyumbani kwake, mkewe aliniambia, alikuwa bubu: "Maneno yake yote anawapa nyinyi, mimi ananiletea koo kavu."

Na alikuwa na masharti. Hakumwigiza mlemavu. Hakumwigiza mtu mwenye njaa wala aliyefiwa. Aliniambia siku moja, ameegemea kidirisha changu akinywa chai: "Dada, mtu nikimchezea, mwisho wa mchezo lazima ajue kwamba nimemchezea, na aende kwake hakupungukiwa na kitu. Akirudi nyumbani amepungukiwa, huo si mzaha. Huo ni wizi."

Nilimwona akilishika sharti hilo mahali pagumu. Palikuwa na filamu ya mwanamume aliyeozwa kwa makosa, mahali pa bibi harusi akawekwa yeye. Zama akavaa gauni jeupe la kuazima, na masharubu yake, na liwa usoni kama wanavyojipaka wanawake wa kwetu, akaketi kwenye puspus, kigari chetu cha abiria, inayokokotwa na kijana aliyevaa suti. Mji ulivunjika mbavu. Walipofika kona ya msikiti wakakutana na jeneza linapita. Zama alishuka, akalivua lile gauni pale pale, akasimama kando ya njia kwa bukta na fulana, ameinamisha kichwa. Wapo waliodhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka. Aliwageukia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona. "Mnacheka nini? Yule aliyelala mle amewafanya nini?"

Wazee wa msikiti walimwita baadaye kumsema kuhusu gauni. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia: "Gauni nimeazima, wazee wangu. Sala ni yangu." Na kweli safu ya pili hakuikosa.

Kwa sababu hiyo watu walimwamini. Hili ndilo wanalolisahau. Aliwachezea miaka na miaka, na bado sauti ile ikisema jambo kwa uzito, mji uliliamini. Mtoto akipotea, fokontany, yaani serikali ya mtaa, ilimwomba yeye atangaze. Maji yakikatwa, yeye. Kulikuwa na namna mbili za sauti yake, ya mchezo na ya kweli, na hata mtoto mdogo alizitofautisha.

Meneja wetu alikuwa mtu wa suti ya kijivu na manukato, aliyekuja kutoka mbali na hakujali kwamba sisi tunaishi hapa. Sitamtaja naye. Si kwa heshima. Sitaki tu jina lake likae karatasi moja na la Zama.

Zile zilikuwa nyakati za dhiki. Mchele ulikuwa haupatikani. Mgeni hawezi kuelewa maana ya neno hilo kwetu, maana kwetu mtu akikuuliza kama umekula, anauliza kama umekula wali. Vingine vyote ni vya kushindia. Sabuni ilikosekana tukavumilia, mafuta yakakosekana tukavumilia. Lakini kwa mchele watu walipanga foleni tangu alfajiri, wakarudi na kikombe kimoja, au wakarudi na kikapu kitupu. Mke wa Zama alikuwa akiuza mokari, vile vitumbua vyetu vya mchele na nazi, na alikuwa ameshauweka kando ukaango wake kwa miezi.

Katika hali hiyo ikatufikia filamu ya kuchekesha ya mtu mlafi, anayeingia karamu za watu asiowajua akala mpaka wenyewe wakakosa. Nilimwona meneja anaiangalia ile picha ya bango, akitabasamu peke yake.

Siku ya Alhamisi nilikuwa ofisini nahesabu vitabu vya tiketi. Meneja akamweleza fundi wa mashine mpango wake, mimi nikiwa pale pale, kama kwamba mimi ni kabati. Itangazwe mjini kwamba serikali imeleta mchele, na kwa kuwa ukumbi wa sinema ni mkubwa, utagawiwa hapo Jumamosi asubuhi. Watu wakishaingia, pazia lifunguliwe, waone jitu linene limekaa mezani linamaliza sinia la wali. "Umekwisha! Ameula huyu! Njooni jioni mwone alivyoula!" Fundi akauliza kama Zama atakubali. Meneja akajibu kwamba Zama hataambiwa.

Nilisikia kila neno.

Ijumaa meneja alimwita Zama, akampa karatasi yenye muhuri, akampeleka stoo akamwonyesha magunia yamepangwa mpaka juu. Yalikuwa na vumbi la mbao. Zama aliyatazama kutoka mlangoni, uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa habari ya mtoto wa kiume. Alipita mbele ya kidirisha changu akikimbia. "Dada wa kidirishani! Mwambie mama yako aje mapema!"

Sikumwambia kitu. Mtaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza zaidi yenu. Ukoo wetu asili yake ni Komoro. Jamaa zetu wengi walikuwa wameondoka katika vurugu dhidi yetu za miaka michache nyuma, wengine na nguo za mwilini tu. Sisi tuliobaki tulijifunza kutembea ukutani na kutojibu. Baba alikuwa hana duka tena. Mshahara wangu ulikuwa unalisha watu saba. Hizo ndizo sababu zangu. Nimezipima miaka mingi na hazijawahi kutosha.

Siku nzima ile alizunguka na koni yake, kwa ile sauti ya kweli. "Mchele umefika. Kesho asubuhi, ukumbi wa sinema. Njooni na vikapu. Wajawazito na wazee watatangulizwa." Alikwenda mpaka gatini akawatangazia wanaovuka kwenda Katsepy, ili na ng'ambo wasikose.

Jumamosi foleni ilitoka mlangoni petu ikazunguka soko. Kivuko cha Katsepy kilimimina wanawake wenye vikapu vichwani. Zama alikuwa nje akiipanga foleni, anawaleta mbele wenye mimba, anawagombeza vijana wanaochomekea. Na katika foleni ile, mahali pake pa haki, si mbele wala nyuma, alikuwa mkewe. Ana kikapu chake. Naomba msomaji alishike hilo, maana mji mzima ulilitazama na haukulishika: ni mume gani anayemleta mkewe kwenye foleni ya kudhihakiwa?

Milango ilifunguliwa, ukumbi ukajaa. Pazia likaenda kando. Mtu mnene aliyekodiwa kutoka mtaa wa mbali alikuwa mezani, kitambaa shingoni, anakomba sinia. Sauti ya meneja ikatoka kwenye spika, inacheka: "Umekwisha! Ameula huyu!"

Mama mmoja mzee wa Katsepy, ambaye nilimwona akiingia na vikapu viwili, kimoja cha jirani yake mgonjwa, alikaa chini kwenye ngazi, akaviweka kimoja ndani ya kingine polepole. Kisha kilio kikaanza, na baada ya kilio viti vikaanza kuruka.

Meneja alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Watu wakaitafuta sauti waliyoijua. Zama alikuwa bado yuko nje, anawaambia waliobaki wasisukumane, zamu yao inakuja. Walimpiga kwa vikapu, kwa ndala, kisha kwa mawe. Nilimsikia akisema, "Nini? Kuna nini?" Hakujua bado! Mkewe alijitupa juu yake, wakampiga naye. Jino la Zama lilitoka pale. Mimi nilikuwa kidirishani, nimeshusha kipazia.

Na jioni ukumbi ulijaa. Lazima niliseme hilo, japo linanichoma. Watu wale wale, au ndugu zao, walikuja kuitazama filamu waliyoisikia kwa njia ile, wakacheka. Niliuza tiketi mpaka zikanimalizikia.

Jumatatu fokontany ilituita. Meneja alifika na manukato yake, akasikitika sana. Alisema mpiga mbiu ni mtu wa vituko, mji mzima unamjua kwa vituko. Safari hii amezidisha. Karatasi ya muhuri? Hajaiona. Magunia? Magunia gani? Zama, midomo imevimba, alisema, "Niliyaona." Watu wakamzomea. Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na wewe binti, unafanya kazi pale. Unajua nini?"

Zama alinitazama. Hakuwa anaomba, alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua zamu yake imefika.

Nikasema: "Mimi nauza tiketi tu."

Waliamua kwamba Zama azunguke mitaa yote na koni yake, aseme kwa kinywa chake kwamba aliwadanganya watu na anaomba radhi, yaishe. Alikataa. "Nimeshawatangazia uongo mara moja bila kujua," alisema. "Sitautangaza mara ya pili nikijua."

Meneja alimfukuza kazi siku ile ile, na watu wakasifu ukali wake. Hakuna aliyegusa mokari za mkewe tena, hata mchele uliporudi. Binti yao mdogo alirudi shule akiimbiwa wimbo wa mchele. Kabla ya mvua waliondoka, nikasikia wamekwenda kisiwa cha Nosy Be. Meneja alibaki miaka, akapandishwa cheo, akaondoka na zawadi. Mimi nilichangia ile zawadi. Sote tulichangia.

Kisha video zikaingia, sinema ikafa, ukumbi ukawa ghala la saruji. Mimi niliolewa Mombasa, nikazaa, nikazeeka kiasi. Huku na huku nikasikia kwamba Zama yu hai.

Nilikwenda Nosy Be kwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Nilipanda boti Antsahampano, na njia nzima nilijiambia nimekwenda kwa harusi. Asubuhi ya pili, mjini Hell-Ville, niliisikia sauti kabla sijamwona mtu. Imekwaruza kidogo, na kwa lile pengo la jino inapiga mluzi, lakini imenyooka vile vile. Alikuwa anatangaza chanjo ya watoto.

Mwuza kahawa niliyesimama kwake aliniambia, bila kuulizwa, kwamba mzee huyo hana mfano. "Huyu hatangazi kitu asichokigusa. Mbuzi akiokotwa, aende akamshike pembe kwanza. Leo daktari amemfungulia sanduku la chanjo, akatia mkono kwenye barafu, ndipo akakubali kutoka. Wengine wanamcheka."

"Nyinyi mnamcheka kwa nini?" nilimwuliza, kwa ukali ambao hakuustahili.

Nilimfuata mpaka kwake, nyumba ya mabati juu ya soko. Alinijua mara moja. "Dada wa kidirishani," akasema, akanipa kigoda. Binti yake alikuwa upenuni kwenye cherehani, mwanamke mzima sasa. Nikauliza habari za mkewe. Akasema amefariki, amezikwa pale pale Nosy Be. "Alitaka kulazwa kwao Mahajanga. Halafu akasema hapana, wasije wakalicheka jeneza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na yote yakanipotea. Nikamwambia tu: "Zama, nilijua. Tangu Alhamisi. Nilikuwa ofisini."

Cherehani ilisimama.

Yeye hakukasirika. Aliinamisha shingo yake ndefu, akafikiri, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Alisema nini, hasa? Maneno yenyewe."

"Fundi alimwuliza kama utakubali. Akasema: 'Asiambiwe. Akijua atakataa.'"

"Rudia."

Nikarudia.

"Akijua atakataa," akasema polepole. Machozi yalimtoka, akayaacha. "Miaka yote hii nilidhani alinichagua kwa sababu aliniona mtu wa namna ile. Kumbe hata yeye alijua mimi si mtu wa namna ile." Akanishika mkono. "Ahsante, dada. Umeniletea kitu kikubwa."

Ahsante! Neno moja la meneja, nililokuwa nalo mdomoni zaidi ya miaka ishirini, ambalo lingeweza kusemwa mbele ya fokontany kwa pumzi moja, na mkewe angali hai akalisikia. Na sasa nimelileta kama zawadi ya harusi, na ananishukuru. Niliona haya ambayo siwezi kuieleza. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza, akasema yamekwisha, tunywe chai.

Binti yake aliinuka kwenye cherehani akaja kusimama mbele yangu. Ana masikio ya baba yake.

"Baba anasamehe haraka," alisema. "Mama hakupata nafasi ya kusamehe, na mimi bado. Hapa Nosy Be hakuna aliyemwita baba mwongo. Umekuja kusema mahali pasipo deni. Kwa nini hukusema kule?"

"Mwache mgeni anywe chai," baba yake akasema.

"Anywe. Kisha aende kule."

Sikubaki kwa siku ya mwisho ya harusi. Nilivuka kurudi Antsahampano, nikasafiri siku mbili kwa gari, nikafika Mahajanga nimejaa vumbi. Sikwenda kwa ndugu. Nilikwenda soko la Mahabibo, nikamtafuta mwanamke wa kwanza mwenye mvi, nikamwamkia, nikamwuliza kama anaikumbuka Jumamosi ya mchele wa sinema.

"Yule mwongo!" akasema, akaanza kucheka.

Nikamwambia: "Weka kikapu chini, mama, unisikilize."